Sungura wangu wa chinchila wanakufa kwa joto: je, niwapoze kwa maji au maji yatawaua?

Mkazi wa Adjumani aliuliza:

Wafugaji wenzangu, nawasalimu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika wilaya ya Adjumani, na kwa muda wa miaka miwili nimefuga sungura nyuma ya nyumba yangu, mwanzoni kwa ajili ya kuwafurahisha watoto, na baadaye, walipoongezeka, kwa ajili ya kitoweo na akiba ndogo ya karo. Mwaka jana nililetewa kutoka Kampala sungura saba wa rangi ya kijivu, majike watano na madume wawili, ambao muuzaji aliwaita chinchila. Watoto wangu wamewapa wote majina, jambo ambalo sikulipenda tangu mwanzo, kwa sababu mnyama mwenye jina hachinjiki kwa urahisi.

Kiangazi cha safari hii kimetukalia vibaya. Juma lililopita, kati ya saa nane na saa kumi alasiri, nilipoteza watatu katika muda wa siku mbili: jike aliyebakiza siku chache kuzaa, jike mwingine aliyenenepa kupita kiasi, na lile dume kubwa kuliko wote. Huyo wa tatu nilimkuta akiwa bado hai. Alikuwa amejinyoosha ubavu, kichwa amekirudisha nyuma, tundu za pua zikitanuka na kusinyaa kwa kasi ambayo nilishindwa kuihesabu, kidevu kimelowa mate, na masikio mekundu yenye moto wa kushangaza. Alikufa mikononi mwangu nikiwa bado nabishana na mke wangu kama tummwagie maji au tumwache. Kipimajoto nilichoazima kwenye maabara ya sekondari jirani kilionyesha nyuzi 37 ndani ya banda.

Banda lenyewe ni la mbao, lina vizimba vya matabaka mawili, paa la mabati lililo karibu sana na tabaka la juu, na upande wa magharibi ni wavu mtupu. Wote watatu walikuwa juu.

Kinachonichanganya ni maelezo niliyoyasoma kwenye intaneti. Mahali pamoja nimeambiwa kwamba chinchila hawezi kuvumilia zaidi ya nyuzi 25, kwamba maji yasiguse manyoya yake kamwe, kwamba aogeshwe kwa vumbi laini na alazwe juu ya kipande cha marumaru. Mahali pengine nimeambiwa nimlowanishe masikio. Nyuzi 25 sisi huku tunazisubiri mpaka usiku uwe umeingia sana. Hata hivyo nilitii: niliwawekea beseni la majivu yaliyochekechwa, wakayanusa, mmoja akapanda ndani na kukojoa, na huo ndio ukawa mwisho wa kuoga. Naomba mwenye ujuzi anieleze nifuate lipi, kwa sababu mvua iko mbali na nimebakiwa na sungura wanne.

Daktari Mstaafu, Mbale alijibu:

Mwalimu, pole sana. Aliyempoteza jike wa siku za mwisho amepoteza na watoto ambao hakuwaona.

Kabla hujagusa ndoo ya maji, tuwatenganishe wanyama wawili waliochanganywa na jina moja. Chinchila halisi ni mnyama mdogo wa jamii ya wagugunaji, mwenye uzito wa nusu kilo au zaidi kidogo, ambaye kwao ni milima ya Andes nchini Chile. Manyoya yake yamesongamana kuliko ya mnyama yeyote wa nchi kavu, maana kwenye tundu moja la ngozi yake huchomoza nywele zaidi ya 50. Huyo ndiye aogaye vumbi, na huyo ndiye asiyetakiwa kuloweshwa manyoya. Wewe unao sungura, tena sungura wa kawaida kabisa, wa uzao ulioanzishwa Ufaransa na mfugaji aliyeitwa Dybowski na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1913. Uliitwa chinchila kwa sababu ya rangi yake ya kijivu inayofanana na ile ya mnyama wa Andes, na undugu wao unaishia kwenye rangi hiyo. Majivu yapeleke kwenye migomba.

Sasa tuje kwa sungura. Mnyama huyu hana jasho la kumfaa kitu, na hawezi kuhema kama mbwa akajipoza kwa ulimi. Tegemeo lake kubwa ni masikio. Joto likizidi, mishipa ya damu ya masikioni hutanuka, damu yenye moto hupita karibu na ngozi nyembamba, na hewa ya nje huichukua ile hari. Lakini mpango huo unahitaji hewa iliyo baridi kuliko damu. Joto la kawaida la sungura, likipimwa kwenye njia ya haja kubwa, ni kati ya nyuzi 38.5 na 40. Hewa ya banda lako ilikuwa nyuzi 37, na juu ya hapo mabati yalikuwa yakimwaga moto moja kwa moja mgongoni mwa mnyama, moto ambao kipimajoto chako huenda hakikuuonyesha wote. Masikio yalikuwa wazi, lakini joto halikuwa na pa kwenda. Sungura hustarehe zaidi kati ya nyuzi 15 na 21. Akifika 28 ameanza kutaabika. Hewa ikifikia 35, mwili wake hauwezi tena kujirekebisha, na ukimwacha hapo kwa saa chache utamkosa.

Hata waliotangulia kufa wanaeleweka. Jike mwenye mimba kubwa hubeba joto lake na la watoto, tena tumbo lililojaa humbana mapafu. Mnene amevaa koti la mafuta asiloweza kulivua. Na wote watatu walilala jirani na bati. Kama vifo vingetokea usiku, au kama wangekuwa ni watoto walioachishwa kunyonya wakiharisha, ningekuuliza maswali mengine kabisa, lakini mate kidevuni, kichwa kilichorudi nyuma na saa uliyoitaja vinaniridhisha kwamba walizidiwa na joto.

Ukimkuta mwingine katika hali hiyo, mtoe bandani kwanza, umlaze kivulini juu ya sakafu ya saruji au udongo wenye ubaridi. Chukua maji ya kawaida ya mtungini, uyapake kwenye masikio kwa upande wa nje, bila kuyaingiza ndani ya tundu, kisha uloweshe nyayo, na umpepee kwa sinia au kipande cha boksi, kwa sababu maji yanayokauka ndiyo yanayochukua joto, na maji yaliyotulia tu hayamsaidii sana. Unaweza kumlaza juu ya kitambaa kilicholowa. Usimfunike nacho, kwa sababu kitambaa kilichofunika huzuia upepo na baada ya dakika chache hugeuka kuwa blanketi. Maji ya kunywa mwekee karibu na mdomo wake. Asipokunywa mwenyewe usimmiminie, maana yataingia mapafuni. Ukiwa na kipimajoto cha mwili, acha kumpoza anaposhuka kufikia nyuzi 39.5, la sivyo atapitiliza na kuanza kutetemeka.

Kisha umwangalie kwa siku nzima. Wengi hudhani kwamba sungura aliyesimama amepona, ilhali joto huunguza figo na ini kimyakimya, na utumbo wa sungura ukisimama kwa nusu siku bila chakula ni hatari nyingine. Asipokula hadi usiku, mwite ofisa wa mifugo.

Kuhusu maji ya kila siku, sungura wa kilo 4 hunywa kama robo hadi nusu lita kwa siku wakati wa hali ya hewa ya wastani, na kiangazi anaweza kuhitaji mara mbili ya hapo. Jike anayenyonyesha hupita lita nzima. Mkebe wa bati uliokaa juani una maji ambayo hata wewe usingeyanywa. Tumia chombo cha udongo, ubadilishe maji adhuhuri, na chakula kizito ukitoe jioni, kwa sababu usagaji wa chakula nao huzalisha joto na sungura kwa desturi yake ni mlaji wa usiku. Mchana mpe majani mabichi kidogo tu, kama vile matembele au kishona nguo.

Habari za ujenzi nawaachia waliojenga.

Afande Mstaafu, Bombo alijibu:

Daktari amesema kweli, na mimi nitaongeza upande wa nyundo na misumari. Mwalimu, nililitumikia jeshi kwa miaka mingi, na sehemu ya miaka hiyo niliimalizia Karamoja, kwa hiyo joto linalokutesa nalijua kwa ngozi yangu mwenyewe. Sasa nafuga sungura 40 hapa Bombo.

Shida yako ya kwanza ni paa. Kama ungekuwa unaanza upya ningekuambia uezeke kwa nyasi, unene wa shibiri moja, kwa sababu nyasi zinameza jua na haziliachilii chini. Lakini nyasi zina mchwa, zina nyoka, na kiangazi cheche moja tu kutoka kwenye shamba linalochomwa inatosha kulimaliza banda. Kwa hiyo sikuhimizi ung'oe mabati. Yaache, uyapandishe. Paa langu liko mita mbili na nusu kutoka chini, na kati ya kizimba cha juu na bati kuna nafasi ambayo mtu anaweza kusimama akiinama. Chini ya bati nimefunga dari ya mikeka ya mafunjo, ikiwa imeachana na bati kwa upana wa kiganja, na pande zote mbili za upenyo huo ziko wazi ili hewa iliyopata moto itoke na isirudi ndani. Mikeka hiyo huuzwa kila mahali na bei yake haimtishi mwalimu. Juu ya bati nimetandaza mabua ya mtama na kuyafunga kwa kamba. Hayapendezi machoni, na mke wangu amenieleza hivyo mara nyingi.

Pili ni mwelekeo. Huku kwetu karibu na ikweta jua la mchana hukaa utosini, kwa hiyo linalowaumiza wanyama kwa pembeni ni la asubuhi na la alasiri. Banda refu lielekezwe mashariki hadi magharibi, ncha zake fupi ndizo zitazamane na mawio na machweo, na hizo ncha zizibwe. Wewe umeacha wavu upande wa magharibi, maana yake saa tisa jua linaingia kama mgeni aliyealikwa. Ziba hapo kwa matete au mkeka, ufungue kaskazini na kusini ili upepo upite. Ukipanda maboga kando ya nguzo mvua zikianza, yatapanda paani kabla ya kiangazi kijacho, na mipasheni itafuata.

Tatu, kwa hizi wiki zilizobaki, tumia ukame wenyewe. Upepo wa kiangazi cha kwenu ni mkavu, na upepo mkavu unapenda maji. Tundika magunia ya katani upande ambao upepo unatoka, uyaloweshe saa tano asubuhi, saa saba na saa tisa, na hewa inayopita ndani yake itaingia bandani imepoa. Hakikisha yanadondokea nje. Sakafu ya kizimba ikilowa utaleta nzi, vidonda vya miguu na kuhara, ukawa umekimbia moto ukaingia mtoni. Wakati wa mvua, au ukihamia Entebbe karibu na ziwa, magunia hayo hayatakusaidia, kwa sababu hewa iliyokwisha kushiba maji haichukui mengine.

Kama huna friza, loweka matofali ya kuchoma usiku kucha katika maji ya kisima, na saa nne asubuhi uweke moja katika kila kizimba. Utawaona wanalilalia kwa tumbo. Mimi pia huweka chungu kikuukuu chenye maji, kilichofunikwa, katikati ya kizimba cha jike mwenye mimba. Chungu hutoka jasho badala yake. Na tabaka la juu lihame lote sasa hivi. Ukikosa nafasi, waweke hata ndani ya nyumba mchana, chini ya meza. Sungura wanne hawajawahi kumfukuza mtu nyumbani kwake.

Kijana wa Busia alijibu:

Wakubwa zangu, mnazunguka sana. Mimi hununua barafu kwa wauza samaki, nikaitia katika beseni la maji, na sungura akianza kuhema namtumbukiza mpaka shingoni kwa dakika tano. Mwaka jana niliokoa mmoja kwa njia hiyo na yuko hai hadi leo.

Daktari Mstaafu, Mbale alijibu:

Kijana, nafurahi kwamba yuko hai, lakini umesimulia habari za huyo mmoja na hukutueleza waliosalia. Maji ya barafu yakigusa ngozi, ile mishipa iliyotanuka hujifunga ghafla, damu hurudi ndani pamoja na moto wake, na wewe ukimshika unahisi ubaridi wa nje wakati matumbo yake yanaendelea kuchemka. Pili, sungura aliyeshtuka hupiga mateke kwa nguvu kubwa kuliko uimara wa mgongo wake, na nimewapokea waliovunjika uti wa mgongo kwa kushikiliwa tu. Barafu yako ni mali, usiitupe: itie katika chupa ya plastiki ya lita moja, uivingirishe kwa kitambaa, uiweke kizimbani kabla ya saa sita, kabla hajaanza kuhema. Atajisogeza mwenyewe akitaka na ataondoka akichoka.

Mama Nuru, Kampala alijibu:

Nimesita kuandika kwa sababu swali ni la sungura, ila naona wasomaji wengine watakuja hapa kwa ajili ya chinchila wa kweli, nami ni mmoja wa wachache waliowahi kumlea hapa Uganda. Aliyekuwa mwajiri wangu, aliporudi kwao Ulaya, aliniachia wawili pamoja na kiyoyozi, kizimba na karatasi mbili za maelekezo. Leo nina mmoja.

Maelekezo yalisema joto la chumba lisizidi nyuzi 20, na kwamba 25 ni hatari. Kampala mchana huwa nyuzi 27 au 28, na watu tunasema hali ya hewa ni nzuri. Halafu kuna unyevu wa ziwa, ambao wengi hawauhesabu. Wafugaji wa Marekani wana kanuni yao: hujumlisha nyuzi za Farenhaiti na asilimia ya unyevu, na jumla ikifika 150 huanza kuhangaika. Nyuzi 24 zetu ni Farenhaiti 75. Unyevu ukiwa asilimia 75, tayari umefika hapo, na asubuhi nyingi baada ya mvua ndivyo ilivyo, ingawa wewe unatafuta sweta. Mume wangu alinunua feni kubwa akidhani amemaliza tatizo. Feni humpoza mwenye jasho. Kwa mnyama asiyetoka jasho, tena aliyejifunika manyoya mazito namna ile, inazungusha tu joto lilelile.

Yule wa kwanza alikufa siku umeme ulipokatika kuanzia asubuhi nami nikiwa kazini. Nilifunga madirisha ili ubaridi wa kiyoyozi usitoke, na umeme ulipokwenda, chumba kikawa tanuri. Nilimkuta saa kumi na moja jioni. Mwenzake alikuwa amelala ubavu, masikio mekundu kama yamepakwa rangi, mate mdomoni. Nilimpangusa masikio na nyayo kwa kitambaa cha maji ya kawaida, nikaacha manyoya yakiwa makavu, nikamlaza kwenye vigae vya bafuni, mahali penye ubaridi kuliko pote nyumbani. Alipona, lakini kwa siku tatu nilimlisha kwa bomba la sindano.

Tangu hapo nimebadilisha mambo. Anaishi katika chumba cha upande wa mashariki chini ya ghorofa, ambacho jua hukiacha kabla ya saa tano. Nilikwenda kwa mafundi wanaokata mawe ya juu ya makabati ya jikoni wakanipa vipande vilivyobaki, bila malipo. Viwili viko kwenye friji na viwili kizimbani, vikipokezana. Chupa za barafu naziweka ndani ya kopo lenye mfuniko, kwa sababu chupa ya barafu isiyofunikwa hutoka jasho la nje na kumlowesha, na manyoya yale yakilowa hayakauki upesi, huota ukungu. Beseni la vumbi humwekea usiku kwa dakika kumi, wakati ambao yeye yuko macho na hewa imepoa. Na nimemwonyesha jirani ufunguo ulipo, ili umeme ukikatika aingie afungue madirisha.

Naulizwa mara nyingi mahali pa kununua mwingine. Jibu langu huwa ni kwamba asinunuliwe. Labda mtu wa Kabale, ambako usiku ni wa blanketi mbili mwaka mzima, angeweza kumfuga bila kumtesa, na hata huko mchana una mashaka. Mnyama anayeweza kuishi miaka 15 au 20 si haki kumfunga kwenye hali ambayo kila siku ya jua ni mtihani kwake. Sungura angalau tunaye hapa, na mkulima mwenye mikeka na matofali anaweza kumtosheleza.

Mkazi wa Adjumani aliandika, mwezi mmoja baadaye:

Nawashukuru nyote, na hasa Afande, ambaye dari yake ya mafunjo nimeinakili kama alivyoielekeza, ila paa langu nimelipandisha kwa futi mbili tu kwa sababu mbao ziliisha. Upande wa magharibi nimeuziba kwa matete. Saa tisa alasiri kipimajoto husoma nyuzi 31 ninapolowesha magunia, na 33 watoto wanaposahau. Hakuna aliyekufa tena. Matofali wanayagombania hadi nimelazimika kumpa kila mmoja lake.

Nimebakiwa na jambo moja. Dume langu lililosalia linapanda majike kama kawaida, wala halionyeshi udhaifu wowote, lakini nimewapapasa matumbo majike wawili siku ya 14 na hakuna kitu. Walizaa vizuri sana mwaka jana, na hata kulisha nimewazidishia kidogo. Je, ni wao wamechoka, au nitafutiwe dume lingine kutoka Kampala? Na kama ni kununua, nilisafirishe vipi bila kulipoteza njiani?

Daktari Mstaafu, Mbale alijibu:

Usiwalaumu majike, na dume usilichinje bado. Joto lililowaua wenzake halikumwacha salama: mbegu za kiume huharibika kwenye joto la namna ile muda mrefu kabla mnyama mwenyewe hajaonyesha dalili, na hamu yake hubaki ileile, ndiyo maana humdanganya mfugaji. Utengenezaji wa mbegu mpya huchukua kama wiki saba. Ukihesabu tangu siku ulipotengeneza banda, mpe mpaka wiki ya nane, umweke mahali penye ubaridi kuliko pote, hata kuliko majike, na umpandishe alfajiri. Zile mimba zitakazoingia mvua zikianza zitakuwa pia zimeepuka jua la siku za mwisho za kubeba. Majike wasinenepeshwe kwa sasa, punguza pumba.

Dume la pili si kosa kulinunua, kwani banda la dume mmoja husimama kila anapougua. Lichukuliwe jioni na lipande basi la usiku. Liwe ndani ya kreti la mbao au la plastiki lenye matundu pande zote nne, kamwe lisiwe kwenye gunia au boksi lililofungwa, na mtu anayelisindikiza akae nalo miguuni, kwa maana huko chini kwenye buti la mizigo kuna moshi na moto wa injini. Chupa moja ya barafu iliyovingirishwa taulo itatosha hadi alfajiri. Majani mabichi yampe chakula na maji kwa pamoja njiani. Kipande cha mwisho cha bodaboda kipitwe kabla ya saa tatu, na kreti lisifungwe upande wa bomba la moshi. Nimeshuhudia sungura aliyevuka nusu ya nchi akiwa mzima na kuungua katika kilomita sita za mwisho.

Akifika, mpe maji kwanza, mwache siku nzima bila kumpandisha wala kumwonyesha watoto, na kizimba chake kiwe cha tabaka la chini.